Mhuri Uliosema Nilikuwa Machakos

Nakumbuka Ijumaa moja huko Dubai, mtaa wa Naif, mwanangu, mzee mmoja aliponisogezea kikombe cha chai ya maziwa na kuniuliza, kwa upole kabisa, kama nilikuwa nimepotea njia. Nilicheka. Gharama ya kicheko kile niliilipa kwa miaka minne.

Mimi si mzee wa mkongojo. Nywele zangu bado zina weusi wa kutosha, na ngazi napanda bila kushika ukuta. Lakini yapo mambo ambayo mtu huzeeka kwayo kwa siku moja, na kwa haki hiyo nakuita mwanangu. Kama una fedha ulizozitolea jasho na mtu anakuambia uzitie katika karatasi, nisikilize kwanza.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili na kumi. Nilikuwa mlinzi wa ghala moja kule Jebel Ali, bandari ya Dubai, zamu ya masaa kumi na mawili, siku sita kwa wiki, mapumziko Ijumaa. Kazi ya lango ni kazi ya kusubiri malori, nami kusubiri kule nilikugeuza darasa. Chuo sikukiona. Nilinunua vitabu vilivyokwisha kusomwa na wengine, nikavisoma kwa mpangilio, nikanakili katika daftari: hesabu za riba, sheria za ardhi za kwetu Kenya, namna mikopo inavyolindwa. Wenzangu wa chumbani waliniita Profesa. Nusu ya jina hilo ilikuwa utani. Ile nusu nyingine ndiyo iliyoniponza.

Katika kusoma nikakutana na biashara ya kununua hati za rehani. Nikueleze kwa maneno machache. Mtu akikukopesha na kushika ploti yako kuwa rehani, hubaki na hati inayosema kwamba utamlipa kila mwezi, na usipolipa, ploti itauzwa ili yeye alipwe. Sasa hati hiyo nayo inauzika. Mwenye nayo akihitaji fedha leo, huiuza kwa bei pungufu, na kuanzia hapo mdaiwa humlipa mnunuzi. Hununui ardhi, mwanangu. Unanunua ahadi ya mtu, na ardhi inasimama kama mdhamini wa ahadi hiyo. Kinachoiunganisha ahadi na ardhi ni karatasi tu, na uzima wa karatasi uko mikononi mwa wakili. Haya yote niliyaandika katika daftari langu kwa wino mwekundu. Kuandika jambo si kulielewa.

Mwenye hati niliyoitaka alikuwa Mkenya mwenzetu, Mbithi, aliyekuwa akiuza spea za magari pale Naif na kuzipakia kwenda Mombasa. Alikuwa amemkopesha mtu wa Athi River, kule Kenya, mwenye vyumba vya kupangisha, na vyumba hivyo na ploti yake ndivyo vilivyokuwa rehani. Mbithi alitaka fedha haraka ajaze kontena. Akiba yangu haikufika bei yake. Ndipo nikazungumza na Wafula.

Wafula tulilala chumba kimoja, kitanda chake chini, changu juu. Alinizidi miaka kama kumi, naye alikuwa mlinzi, ila magoti yalikuwa yamemchoka kwa kusimama na alikuwa akijiandaa kurudi kwao Webuye moja kwa moja. Kampuni ilikuwa imemlipa kiinua mgongo chake, na alichotaka ni kitu kimoja tu: fedha hizo zimzalie kidogo kila mwezi, binti zake wawili wamalize shule. Nikamfungulia daftari langu, nikamwonyesha hesabu. Hakuitazama.

“Profesa, hizo karatasi mimi naziona kama Kiarabu,” akasema. “Wewe umesoma. Ukisema iko sawa, kwangu iko sawa.”

Nikasema iko sawa.

Tukaja kwenye suala la wakili. Mbithi akasema, “Wakili wa nini tena? Yupo. Ndiye aliyeandika rehani ya kwanza, faili anayo, na ada yake nalipa mimi. Mtafute mwingine mkatoe pesa bure? Yalla, tumalize, meli hainingoji.”

Nikampigia simu wakili huyo. Mwanangu, mtu yule alikuwa na sauti! Alinisalimu kwa Kikamba. Akaniuliza mimi ni wa ukoo gani, nikamwambia. Akataja mto wa kwetu, na tukagundua kwamba shangazi yake ameolewa kijiji cha pili kutoka chetu. Nilikuwa mwaka wa sita ugenini. Mtu wa ugenini akisalimiwa kwa lugha ya mama yake, masikio humlainika na maswali humtoka kichwani. Sikumuuliza ni kazi gani za sheria anazozifanya kila siku. Sikumuuliza, ikiwa Mbithi ndiye anayemlipa, mimi na Wafula tunamwajibisha kwa lipi. Baadaye nilikuja kujua kwamba kazi yake hasa ilikuwa kuwatetea madereva walioshikwa na trafiki, na alisifika kwayo. Hodari wa kuvua samaki si lazima awe hodari wa kuwapika.

Kulikuwa na jambo moja lililobaki. Hati ya kuhamisha rehani huitii saini popote unapotaka. Unaitia mbele ya mtu mwenye mamlaka, akakutazama uso, akakagua kitambulisho chako, kisha akaweka mhuri wake kushuhudia kwamba amekuona. Kwetu sisi tulio nje, mahali pa kwenda palikuwa ubalozi mdogo. Na ubalozi ulifungua Jumapili hadi Alhamisi, ilhali mapumziko yetu ni Ijumaa. Ingenibidi nimwombe ruhusa msimamizi, nikatwe ujira wa siku, nimwambie na Mbithi asubiri.

Wakili akacheka kwenye simu. “Ndugu yangu, usijisumbue. Chapeni huo ukurasa wa mwisho huko huko, mtie saini, mpeni mtu anayekuja nyumbani. Nikiupata nitauwekea mhuri, niandike mlikuwa mbele yangu hapa Machakos. Watu wote wa Gulf, huko Uarabuni, nawafanyia hivyo.”

Niliona huo ni wema. Nilimwambia Wafula, “Umeona faida ya mtu wa nyumbani?”

Ijumaa ile baada ya alasiri, ofisi za Naif zilipofunguliwa tena, nikaenda na ukurasa wangu, niliouandika kwa mkono kama wakili alivyonisomea kwenye simu, kwenye ofisi ya kuchapa ya Mzee Nassor. Ofisi hizo unazijua kama umekaa Dubai: chumba chembamba, kompyuta mbili, foleni ya watu wenye pasi mikononi wakichapiwa maombi ya viza. Mzee Nassor alikuwa wa ukoo wa Kizanzibari uliohamia zamani, nyumba yake mtaa wa Al Twar, na karatasi zilikuwa zimepita mikononi mwake kwa zaidi ya miaka thelathini. Wafula akabaki nje kwa sababu ndani hapakuwa na kiti na magoti yake hayakupenda foleni.

Mzee akausoma ukurasa. Akaurudia. Akavua miwani, akaniita kwa jina langu lililokuwa pale.

“Kioko, hebu nisaidie kusoma hapa. Macho ya kizee haya.”

“‘Imetiwa saini mjini Machakos, mbele yangu,’” nikasoma.

“Ahaa. Na hapa tulipo pana jina gani?”

“Naif, Mzee.”

“Alhamdulillahi. Nilidhani nimehamishwa na sikupewa habari.” Ndipo aliponisogezea kikombe. “Au wewe ndiye uliyepotea njia? Kunywa chai yako basi, isije ikapoa kabla hujafika kwenu.”

Mganda mmoja aliyekuwa akingoja barua yake akaangua kicheko, nami nikacheka pamoja naye ili ionekane hainihusu.

“Ni utaratibu tu, Mzee. Wakili mwenyewe ndiye aliyesema.”

“Wakili wako?”

“Wa Mbithi. Lakini ni wetu sote.”

“Wakili wa nyote ni wa yule anayemlipa,” akasema. “Hilo tuliwache. Huyu bwana yu tayari kuandika kwa mkono wake kwamba amekuona, na hajakuona. Leo anadanganya kwa ajili yako. Siku atakapokudanganya wewe, utamwambia umestaajabu?”

“Mzee, watu wote wa Gulf anawafanyia hivyo. Hakuna aliyepata shida.”

“Hao wote wameshagombana na wadaiwa wao? Karatasi mbovu haina kasoro, mwanangu, mpaka siku ya ugomvi.” Akanirudishia ukurasa wangu. “Mimi siuchapi. Nenda ubalozini Jumapili. Utapoteza ujira wa siku moja, khalas. Na utafute wakili wako peke yako, hata kama ni wa kukusomea tu.”

Nilimshukuru kwa adabu, kwa maana kwetu mtoto hamjibu mzee, lakini moyoni nilisema huyu ni mchapaji viza, mimi nimesoma vitabu. Nilipofika mlangoni nikamsikia akisema nyuma yangu, si kwa ukali, kama mtu anayejikumbusha, “Njia ya mwongo ni fupi.”

Nje, Wafula akaniuliza, “Imechapwa?”

“Printa yake imeharibika,” nikasema.

Tukachapa duka la tatu kutoka pale. Tukatia saini juu ya kaunta, karibu na vocha za simu, tukamlipa Mbithi fedha zake, na karatasi ikasafiri na jirani yetu aliyekuwa akienda likizo. Na mimi, kwa kujiona mwenye mali, nikampigia mdaiwa wa Athi River kwa simu yangu ya Dubai, nikajitambulisha: kuanzia sasa utatulipa sisi. Alinijibu kwa heshima na kunitakia kazi njema huko Uarabuni.

Miezi saba alilipa. Wafula, aliyekuwa amerudi kwao, alinitumia picha ya binti zake wamevaa sare mpya. Mwezi wa nane hakukuja kitu, wala wa tisa. Tukatoa ilani ya kuuza ploti kwa mkono wa wakili yule yule. Mdaiwa akakimbilia mahakamani na wakili wake.

Niliomba likizo, nikarudi kusimamia kesi. Wakili wetu hakutokea. Alituma ujumbe kwamba ana homa, na siku ile simu yake haikupatikana tena. Upande wa pili alisimama mwanamke kijana, Wakili Nduku, mwenye faili jembamba na sauti ya chini. Sikumwogopa. Akaniuliza jambo moja tu la maana.

“Bwana Kioko, tarehe iliyo juu ya mhuri huu, ulikuwa wapi?”

Nilikuwa na pasipoti yangu mfukoni. Mihuri ya kutoka na kuingia ilikuwa humo, na mdaiwa alikuwa ameketi pale, mtu niliyempigia mwenyewe nikijigamba niko Dubai. Ningeweza kusema sikumbuki. Nilikuwa nimefundishwa nyumbani kwamba kiapo si nguo ya kuazima.

“Nilikuwa Jebel Ali,” nikasema. “Langoni.”

Watu wakacheka kidogo. Hakimu hakucheka. Hati yetu ya kuhamisha rehani ikatupwa. Kwa sheria, deni likawa halijawahi kutoka kwa Mbithi; na Mbithi alikuwa amekwisha kufunga duka na kuondoka Dubai, wengine wakisema yuko Uchina, wengine Msumbiji. Baadaye nilisikia Mbithi amepatana na mdaiwa kwa kiasi kidogo, na ploti ikawa huru. Kumshtaki Mbithi, nimpate wapi? Kumshtaki wakili, ningeanzaje kulalamikia uongo ambao mimi mwenyewe niliutia saini?

Kwenye ujia wa mahakama Wakili Nduku alinipita, kisha akarudi hatua mbili.

“Pole, mzee. Wengi pale husema wamesahau.”

“Umenimaliza, Wakili.”

“Mimi? Mimi nimesoma mhuri tu. Ungeniletea karatasi ile kabla, ningekurudisha nayo ubalozini, na ningekutoza ada ya kukurudisha.”

Kazi iliyobaki ilikuwa ngumu kuliko kizimba. Nilipanda basi hadi Webuye. Wafula alinipokea kama ndugu, akanichinjia kuku, nikala nikiwa sijasema. Baada ya chakula nikamweleza yote, mhuri, mahakama, Mbithi. Alisikiliza akikanda goti lake. Hakunitukana, ningependa angenitukana. Akauliza:

“Yule mzee wa kuchapa, siku ile. Printa yake ilikuwa imeharibika kweli?”

“Hapana,” nikasema. “Alikataa. Alinionya.”

Akaacha kukanda goti. “Mimi wakili sikumjua, Profesa,” akasema. “Niliyemjua ni wewe.”

Maneno hayo, mwanangu, sijayasoma katika kitabu chochote, na ndiyo yaliyonifundisha kazi hii ya hati. Nilimwambia nitarudisha fungu lake lote kwa mshahara wangu. Nilirudi Dubai nikidhani nitakaa mwaka mmoja zaidi, nikakaa minne. Binti zake hawakukosa muhula. Hilo ndilo pekee katika habari hii ninaloweza kulitaja bila kuinamisha macho.

Wiki niliyorudi nilikwenda kwa Mzee Nassor. Nilikuwa nimejiandaa kuambiwa ‘si nilikwambia’. Alinitazama, akamalizia mstari aliokuwa akiuchapa, akanisogezea chai.

“Umefika Machakos?”

“Nimefika, Mzee.”

“Kukoje?”

“Ghali.”

Akatikisa kichwa, na hakulitaja jambo lile tena mpaka nilipoondoka mji ule.

Mwaka wa tatu nikapata tena hati ya rehani ya kununua, ndogo, kwa fedha zangu mwenyewe. Ukupigao ndio ukufunzao: nilimtafuta Wakili Nduku. Hakuniuliza mimi ni wa ukoo gani. Aliniambia kwamba rehani za ardhi ndiyo kazi anayoifanya kila wiki, akataja ada yake, na akasema nimlipe mimi peke yangu, asipokee shilingi kwa muuzaji. Akaenda kupekua rejista ya ardhi yeye mwenyewe. Baada ya siku kumi akanipigia.

“Usinunue. Mke wa mdaiwa hakuwahi kutoa idhini, na ile ni nyumba wanayoishi. Ukija kuiuza, mama yule atasimama, na atashinda.”

Nililipa ada kwa biashara ambayo haikufanyika, na usiku ule nililala kama mtoto. Hati ya pili pia aliikataa. Ya tatu tukainunua. Alinituma ubalozini kutia saini, Jumatatu, nikakatwa ujira wa siku. Hati ile inanilipa mpaka leo.

Siku nilipomtumia Wafula fedha za mwisho nilingoja jibu kwa muda mrefu. Likaja hivi: “Zimefika, Profesa. Sasa nipe namba ya yule wakili anayekataa.”

Basi, mwanangu, ninalokuusia ni hili. Ukitaka kununua ahadi ya mtu iliyofungwa kwa ardhi, mtafute wakili kabla hujaipenda hati, maana mapenzi yakitangulia, wakili huwa wa kupiga mhuri tu. Asiwe wa muuzaji, hata kama ada ni bure. Cha bure hapo kinalipwa na wewe baadaye. Mlipe mwenyewe ujue ni wako. Usimchague kwa lugha wala ukoo wala kwa kuwa aliwahi kumtoa mjomba wako korokoroni. Muulize rehani ngapi amezishughulikia na nini kiliharibika katika ile iliyoharibika, na kama hajui la kujibu, mshukuru uondoke. Mtazame anapokurahisishia. Njia fupi akikuonyesha yeye, ogopa. Akikuambia uende mbali, upange foleni, upoteze siku, huyo anakulinda na mtu usiyemjua bado, atakayesimama siku moja na kukuuliza ulikuwa wapi. Na kama kuna mwenzio aliyekukabidhi jasho lake kwa kuwa umesoma, mpe na yeye nafasi ya kusikia ‘hapana’ uliyoisikia wewe. Usimfichie. Kuficha ndiko kulikonigharimu. Mhuri ulikuja baadaye.

Mungu akubariki katika unachokitafuta huko ugenini. Akupe riziki isiyohitaji uongo kuilinda, akupe mshauri asiyeogopa kukukatalia, na masikio ya kumsikia chai ikiwa bado moto. Na siku ukiulizwa ulikuwa wapi, jibu lako na karatasi yako yawe neno moja. Amina.